Kung'oa au Kutibu Mzizi: Hela Yako Iende Wapi

Bei ya tiba ya mzizi unayotajiwa mapokezi si bei ya kuliokoa jino. Ni bei ya nusu ya kazi. Nusu ya pili, yaani kuziba kwa kudumu na kulivika jino kofia, huja na bili yake, na hapo ndipo wengi wanapokwama: jino limeshatobolewa na kusafishwa, hela imekwisha, na kijazio cha muda kinaanza kumeguka.

Kwa hiyo kabla hujakaa kwenye kiti, weka hesabu yote mezani. Chukua gego la chini kwenye kliniki binafsi ya Dar es Salaam. Tarakimu hizi ni za mfano tu, uone mambo yanavyopangana. Wewe weka bei ulizotajiwa. Kumwona daktari, shilingi 20,000. Picha za eksirei tatu, moja kabla, moja katikati ya kazi na moja mwishoni, kwa 15,000 kila moja: 45,000. Tiba ya mzizi yenyewe, 250,000. Kuziba kwa kudumu, 60,000. Kofia ya chuma, 250,000. Jumla 625,000. Wewe ulitajiwa 250,000.

Kung'oa gego hilohilo: kumwona daktari 20,000, picha moja 15,000, kung'oa 40,000. Jumla 75,000, na kazi imekwisha leo.

Ukitazama tarakimu hizo peke yake, koleo linashinda. Lakini jino la mbele lina hesabu nyingine kabisa. Kwa kawaida lina mzizi mmoja na mfereji mmoja, kwa hiyo tiba yake ni nafuu, tuseme 150,000. Ongeza daktari, picha na kuziba: 275,000. Kama halijamomonyoka sana, halihitaji kofia. Ukiling'oa kwa 75,000, utahitaji jino la bandia la kuvaa na kuvua, maana wachache hukubali kutembea na pengo mbele, weka 80,000. Hiyo ni 155,000. Tofauti ni 120,000, na kwa tofauti hiyo unabaki na jino lako mwenyewe. Jino la mbele, kama lina ukuta wa kutosha, litibu. Hapo sina mjadala.

Gego ndilo linalotaka kufikiria. Na la kwanza la kufikiria si hela, ni kama jino lenyewe linahitaji tiba hiyo.

Ukinywa maji baridi jino likakushtua, kisha likanyamaza sekunde chache baada ya kumeza, kiini cha ndani bado kina nafasi ya kupona. Kuziba kwa kawaida kunatosha, na hiyo ndiyo tiba ya bei ndogo kuliko zote humu. Wahi wiki hii. Ukisubiri mwisho wa mwezi unaweza kujikuta kwenye bili ya laki sita.

Maumivu yanayodumu dakika kadhaa baada ya chai ya moto, yanayokuja bila jino kuguswa, yanayokuamsha saa nane usiku, hayo ni ya kiini kilichokwisha kuharibika. Ukizibwa juu yake utarudi na maumivu makubwa zaidi, na umelipia kuziba bure.

Kuna na jino lililouma wiki nzima kisha ghafla likatulia. Wengi hushukuru Mungu na kufuta safari ya hospitali. Mara nyingi kutulia huko maana yake kiini kimekufa. Baadaye hutokea kijipu kidogo kwenye fizi, kinatoa usaha, kinapotea, kinarudi. Jino hilo lina njia mbili tu, tiba ya mzizi au kung'olewa. Mara nyingi ni vivyo hivyo kwa jino lililogongwa kwenye mpira au ajali ya bodaboda likageuka kijivu. Na likitoka zima na mzizi wake, usilisugue: lishike upande unaoonekana mdomoni, si mzizi, lirudishe kwenye tundu lake au litumbukize kwenye maziwa, ukimbie kwa daktari saa hiyohiyo. Kwa mtu mzima jino la namna hiyo likirudishwa huhitaji tiba ya mzizi ndani ya wiki mbili.

Katikati ya kuziba na tiba kamili kuna njia ya tatu ambayo wagonjwa hawaiulizii. Daktari hukata sehemu ya juu tu ya kiini kilichoathirika, huweka dawa maalumu ya jamii ya saruji juu ya kilichobaki hai, kisha huziba. Zamani ilionekana ni ya watoto, lakini miongozo ya miaka ya karibuni ya vyama vya wataalamu wa Ulaya na Marekani inaikubali kwa watu wazima pia, kwa meno yaliyochaguliwa vizuri. Hufanyika kwa ziara moja, na kwa kuwa kazi yenyewe ni ndogo, bei nayo inapaswa kuwa ndogo. Haifai kwa jino lililokufa. Uliza: "Daktari, kiini chote kimeharibika, au kuna sehemu inaweza kubaki?" Swali halina gharama.

Njia moja inayouzwa sana ni ya kutupa hela: vidonge vya antibiotiki kutoka duka la dawa, dozi hii leo, dozi nyingine mwezi ujao. Ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita, kwa hiyo dawa haifiki penye tatizo. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaoshauri antibiotiki zisitumike kwa maumivu mengi ya kiini cha jino kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri, pale tiba ya jino lenyewe inapopatikana. Dozi nne za mtaani zinaweza kukaribia bei ya kung'oa, na jino bado lipo, bado linauma. Mafuta ya karafuu yanatuliza kweli, maana kemikali yake ya yujenoli hutumiwa hata na madaktari kwenye vijazio vya muda. Yanatuliza, hayatibu. Maji ya betri yasikaribie mdomo wako.

Hapa nitoke kidogo kwenye bei. Uvimbe ukishuka chini ya taya au kupanda karibu na jicho, ukapata homa, mdomo ukashindwa kufunguka, kumeza au kupumua kukawa kwa shida, usilinganishe kliniki. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu usiku huohuo. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa.

Sasa meno ambayo hayafai kutibiwa mzizi hata ukipewa punguzo. La kwanza ni lile lisilo na kitu cha kujengea. Wataalamu hutaka kubaki na ukuta wa jino zima wa takriban milimita 2 juu ya fizi, kuzunguka, ili kofia ishike. Kama uozo umeshuka chini ya fizi hadi kwenye mfupa, mzizi unaweza kutibiwa vizuri kabisa na jino lisidumu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari liwe hili: "Uozo wote ukitolewa, jino litajengeka?" Akijibu kwa kusitasita, mwombe atoe uozo kwanza aangalie, kabla ya kuanza kuhesabu laki mbili na nusu.

La pili ni jino lenye mzizi uliopasuka kwa urefu. Hilo halina tiba yenye maana, ling'oe. La tatu ni jino linalotikisika pande zote na hata kushuka likibonyezwa, kwa sababu fizi na mfupa vimekwisha. Tatizo lake liko nje ya mzizi, na tiba ya mzizi haitalikaza. La nne ni gego la mwisho kabisa lililoota vibaya au lisilokutana na jino jingine. Halitafuni chochote. Daktari mwenyewe hulifikia kwa shida, na kazi ya kubahatisha hulipiwa bei ileile.

Niongeze na hili kwa ndugu zangu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ambako maji ya visima na chemchemi nyingi yana floraidi nyingi na meno huwa ya kahawia. Kahawia hiyo si ugonjwa wa kiini. Mtu akikwambia meno yako mazima yatolewe neva ili yavikwe kofia nyeupe, anakuuzia tiba ya mzizi usiyoihitaji, mara sita au mara nane. Zipo njia nyingi za kupunguza rangi bila kugusa kiini. Anza nazo.

Kuhusu afya ya mwili, hofu nyingi mitaani zimezidi ukweli. Ujauzito hauzuii tiba ya mzizi. Miezi mitatu ya katikati ndiyo yenye nafuu kwa mama, na picha moja ya jino ikihitajika hupigwa kwa tahadhari. Kisukari kisichodhibitiwa kishushwe kwanza. Aliyepata mshtuko wa moyo miezi ya karibuni amweleze daktari. Kazi isiyo ya dharura kwa kawaida husogezwa mbele. VVU si kizuizi.

Kuna watu ambao kwao kung'oa ndiko kwenye hatari zaidi, na kwao tiba ya mzizi ina thamani hata kwenye jino bovubovu. Waliopigwa mionzi ya saratani ya kichwa na shingo, kama wale waliotibiwa Ocean Road, taya lao linaweza kushindwa kupona baada ya jino kutolewa. Wanaochomwa dawa za kulinda mifupa za jamii ya bisifosfoneti kwa ajili ya saratani, vivyo hivyo. Wenye hemofilia, damu haikatiki kirahisi. Kama uko kundi hilo, sema mapema hata usipoulizwa.

Turudi kwenye hela, hasa ile isiyotajwa. Uliza kama bei ni ya jino au ya mfereji. Magego ya chini kwa kawaida yana mifereji mitatu, na gego la kwanza la juu mara nyingi lina minne. "Laki moja tu" kwa mfereji ni laki tatu au nne kwa gego. Uliza ziara ngapi, na kama kila ziara ina ada ya kumwona daktari. Kwa anayetoka Kibaha au Chanika kuja mjini, ziara nne ni nauli nne na vibarua vinne vilivyopotea. Uponyaji wa tiba iliyokamilishwa kwa ziara moja na ile ya ziara kadhaa haujaonekana kutofautiana sana, kwa hiyo kama jino halina uvimbe na daktari ana muda, omba akamilishe kwa ziara chache. Usimlazimishe lakini, jino lenye usaha mara nyingi huwekwa dawa ndani kwanza.

Uliza pia nani analipa sindano ndogo ya kusafishia ikikatikia ndani. Hutokea hata kwa madaktari wazuri, na wakati mwingine mgonjwa hupelekwa kwa bingwa mwenye bei yake. Jibu la heshima ni: tutakueleza, tutakuonyesha picha, na hutalipa mara mbili kazi iliyofanyika hapa. Lipate kabla, si baada.

Mwenye kadi ya bima asiishie kuuliza "mnapokea bima?" Aulize vitu vitatu kwa majina: tiba ya mzizi, kuziba kwa kudumu, kofia. Bima ikilipa cha kwanza ikaacha cha tatu, gego lako liko palepale nilipoanzia. Uliza na kikomo cha meno kwa mwaka.

Kwa nini naisisitiza kofia? Jino lililotolewa kiini limepoteza sehemu kubwa ya ukuta wake, na gego hubeba uzito wote wa kutafuna. Utafiti wa Aquilino na Caplan uliochapishwa 2002 nchini Marekani ulikuta meno yaliyotibiwa mzizi bila kuvikwa kofia yalipotea kwa kasi mara 6 ya yaliyovikwa. Utafiti mwingine wa huko wa mwaka 2004, uliofuatilia meno zaidi ya milioni 1.4 kwa kumbukumbu za bima, ulikuta asilimia 97 bado yako mdomoni baada ya miaka 8. Katika machache yaliyong'olewa, mengi hayakuwa na kofia kamili. Tiba ya mzizi ni bidhaa inayodumu, mradi uimalize.

Kofia zenyewe zinatofautiana kuliko tabasamu la muuzaji linavyoonyesha. Ya chuma kitupu haipendezi, ila kwa gego la nyuma ambalo halionekani ndiyo yenye thamani kubwa kwa hela ndogo: ni ngumu, na haihitaji jino kukwanguliwa sana. Ya chuma iliyopakwa kauri inapendeza zaidi, lakini kauri inaweza kubanduka. Ya zirkonia ni nyeupe na imara, na bei yake mara nyingi iko juu. Ya plastiki ni ya muda. Ukiuziwa kama ya kudumu, kataa. Lipia weupe pale unapocheka, si pale unapotafunia mahindi ya kuchoma.

Kama kofia haiwezekani mwaka huu, usiliache gego na kijazio cha muda. Kile hudumu wiki chache, kisha mate huingia na kazi yote kuharibika. Mwombe daktari apunguze vilele vya jino na kuvifunika kwa kijazio cha kudumu. Si sawa na kofia, ila ni bora mara nyingi kuliko ukuta mwembamba uliosimama peke yake. Na usiamini kwamba jino lililotibiwa haliozi. Huoza, tena kimyakimya, kwa sababu hakuna neva ya kukuamsha.

Upande wa kung'oa nao una gharama zake za baadaye. Jino la bandia la kuvaa na kuvua ni nafuu na hupatikana karibu kila mji, lakini hukatika, hulegea kadiri fizi inavyopungua, na halitafuni kama lako. Daraja la meno matatu, kwa bei ya mfano ya 250,000 kila kofia, ni 750,000, juu ya zile 75,000 za kung'oa, na linakwangua majirani wawili ambao huenda ni wazima. Kipandikizi cha skrubu kwenye mfupa ni cha mamilioni na miezi ya kusubiri. Kwa hiyo ukijua kwamba hutavumilia pengo, tiba ya mzizi pamoja na kofia ndiyo nafuu kuliko daraja, na nafuu mno kuliko kipandikizi.

Lakini je, lazima pengo lizibwe? Kwa gego la pili, mara nyingi hapana. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania na Sarita na wenzake, uliochapishwa 2003, uliwaangalia watu wenye safu fupi za meno na kukuta kwamba aliyebaki na magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana hutafuna vya kutosha. Kwa hiyo mtu mwenye magego ya kwanza mazima, aliyeharibikiwa gego la pili na asiye na laki sita, aling'oe na kuacha pengo, bila kujiona amejidhulumu. Gego la kwanza na chonge ndivyo vya kupigania. Na lile la kwamba kung'oa jino la juu kunaharibu macho, halina ukweli.

Gego la kwanza linapotea bure hasa kwa watoto. Huota karibu na umri wa miaka 6, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha, na wazazi wengi hudhani nalo litadondoka. Halidondoki. Likioza, mwahishe mtoto: mzizi wake hukamilika kama miaka mitatu baada ya kuota, na kabla ya hapo tiba ya mzizi ya kawaida haiwezekani, zipo tiba za kulinda kiini. Jino la utotoni linalokaribia kudondoka, kwa upande mwingine, lisikulize, likiuma, litolewe.

Pa kwenda? Hospitali nyingi za wilaya kung'oa kunapatikana, tiba ya mzizi ya gego ni bahati. Kliniki ya meno ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Upanga, inafaa kuulizwa bei kwanza: wanafunzi hufanya kazi polepole chini ya wakufunzi, kwa hiyo unalipa kwa muda wako badala ya hela. Kliniki binafsi ni haraka. Popote uendapo, jina la daktari liwe kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na ukaguzi wako uwe wa vitu viwili. Jino litengwe kwa karatasi ya mpira wakati wa kazi, mate yasiingie. Na picha ya mwisho uipige kwa simu yako: mstari mweupe wa kijazio ufike karibu kabisa na ncha ya kila mzizi, usiishie katikati. Ukiishia katikati, uliza sababu kabla ya kulipa salio.

Na kama leo mfukoni kuna sehemu tu ya hela, usiondoke na vidonge. Omba hatua ya kwanza peke yake: jino lifunguliwe, kiini kitolewe, dawa iwekwe, lizibwe kwa muda, na bei ya hatua hiyo ikatwe kwenye jumla na kuandikwa kwenye risiti. Maumivu kwa kawaida hupungua sana, nawe unapata wiki mbili hadi tatu za kutafuta zilizobaki au kuamua ling'olewe. Ibuprofeni inasaidia katikati hapo, isipokuwa kwa mjamzito na mwenye vidonda vya tumbo. Hao watumie parasetamoli. Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye risiti hiyohiyo.